Masikio yanalia, moyo umechoka: maswali ya dirishani kuhusu dawa za sonona

Mimi ni mfamasia hapa Moshi mjini. Maswali haya nimeyapata kwa watu waliosimama mbele yangu na cheti mkononi, wengine wametoka Arusha na basi la alfajiri kuja kliniki. Nimeyaandika karibu kama walivyoyauliza.

Nilikwenda kutibiwa sikio, nimerudi na amitriptyline. Daktari ameniona chizi?

Hapana. Swali hili huja kwa sauti ya chini, mtu ameinamia dirisha huku akiangalia nyuma kama kuna jirani kwenye foleni.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimhudumia baba mmoja, fundi wa kuchomelea mageti. Nilimpa vidonge thelathini na maneno mawili: kimoja usiku. Wiki iliyofuata alirudi, akaviweka kaunta vikiwa kwenye bahasha ileile, havijapungua. "Dada, mwanangu amesoma kwenye simu, hii dawa ya vichaa. Mimi linalopiga kelele ni sikio, akili yangu nzima." Kosa lilikuwa langu. Cheti kilikuwa sahihi, ila aliyekipokea hakuambiwa kwa nini.

Amitriptyline ni dawa kongwe, iko sokoni tangu miaka ya sitini. Inaandikwa kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu ya wenye kisukari, kwa kipandauso, na kwa mtu aliyekimbiwa na usingizi. Yule fundi alikuwa na miezi minne hapati usingizi, amepungua mwili, ameacha kwenda hata kwenye vikao vya ukoo. Daktari aliona mambo mawili, mlio na sonona, akaanza na lile lenye dawa.

Huu mlio ni nini hasa? Mbona mke wangu hausikii?

Hausikii kwa sababu hauko nje. Unatengenezwa ndani, kwenye njia ya kusikia, na mara nyingi kwenye ubongo wenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, na ndani yake kuna chembe zenye vinyweleo vinavyogeuza sauti kuwa taarifa ya kupeleka ubongoni. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa sauti ulizozoea kuletewa, unajitahidi kusikiliza kwa nguvu zaidi, na katika jitihada hiyo unasikia kisichokuwepo: filimbi, nyenje, mvuke wa birika, mashine inayovuma mbali.

Kinachoziua chembe hizo mara nyingi ni umri na kelele. Wanaokuja kwangu ni wenye mashine za kusaga, mafundi wa grenda, maseremala, vijana waliopiga drili na baruti kwenye migodi ya Mererani, na wapiga muziki wa harusi. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuharibu usikivu taratibu, na grenda inazidi hapo. Kwa dunia nzima, takriban watu wazima 14 katika kila 100 wana mlio wa namna fulani, ila wanaosumbuka nao sana ni kama 2 tu.

Wengi huniambia waliugundua usiku umeme ulipokatika. Friji likanyamaza, feni ikasimama, ndipo wakasikia. Mlio ulikuwepo tangu mchana, ulifunikwa tu.

Kipi kilianza, mlio au sonona?

Kwa wengine mlio hutangulia: unakuibia usingizi, uchovu unaleta hasira, hasira inakutenga na watu, na baada ya miezi kadhaa huna hamu ya kitu. Kwa wengine sonona ndiyo ya kwanza, na mlio mdogo uliokuwa hausumbui unapata nafasi. Mtu mwenye sonona akili yake huokota lililo baya na kuling'ang'ania. Mlio ni wa kuokotwa kirahisi, maana uko naye kitandani.

Sikushauri upoteze muda kutafuta aliyeanza. Vikishakutana vinalishana, na unaweza kuanzia kule kunakotibika haraka.

Sasa, dawa za sonona zinaponya mlio au haziponyi?

Hili ndilo swali lenyewe, na watu huchoka nikianza kulijibu kwa sababu jibu lake si neno moja.

Mwaka 1993 huko Marekani walichukuliwa watu 92 wenye mlio mkali ambao pia walikuwa na sonona au dalili zake. Karibu nusu walipewa nortriptyline, ambayo ni ndugu wa amitriptyline, na waliobaki wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopewa dawa walipata nafuu ya sonona, mlio ukapungua kuwasumbua, na hata ukubwa wake wakauona umepungua.

Mwaka 2005 ikajaribiwa paroxetine, dawa nyingine ya sonona, kwa watu 120, wengi wao hawana sonona. Waliopewa dawa hawakupata nafuu ya maana kuliko waliomeza kidonge kitupu. Mwaka uliofuata huko Sweden, sertraline ilijaribiwa kwa watu ambao mlio ulikuwa unaelekea kuwaelemea, wenye dalili za sonona au za wasiwasi, na hao wakanufaika.

Mwaka 2012 wachambuzi walikusanya majaribio yote sita yaliyofaa, jumla ya watu 610, wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba dawa hizi zinatibu mlio. Miaka miwili baadaye mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani ukawataka wasiziandike kama desturi kwa ajili ya mlio peke yake.

Ukiyaweka pamoja unaona kitu kimoja. Aliyekuwa na sonona alisaidiwa, asiyekuwa nayo hakusaidiwa sana. Dawa haifiki kule kwenye vinyweleo vilivyokufa. Inafanya kazi kwa yule anayesikiliza: analala, hamu ya chakula inarudi, na mlio uleule uliokuwa unamliza unakuwa kama kelele ya barabarani ambayo mwenye nyumba ameshaizoea. Wateja wangu waliopona wengi husema "bado upo, ila siku hizi nausahau." Kwangu mimi hiyo ni tiba. Akikuahidi mtu zaidi ya hapo, anakuuzia.

Nina mlio lakini sina sonona. Nikimeza si hasara, au?

Ni hasara. Utapata mdomo mkavu na usingizi wa mchana, na mlio utabaki pale pale.

Nitajuaje ni sonona na si msongo wa mawazo tu?

Sisi huchanganya maneno haya. Msongo una sababu unayoweza kuinyooshea kidole, ada ya shule au mkopo wa kikoba, na ukilipa unapumua. Sonona hubaki hata deni likiisha. Angalia wiki mbili mfululizo: huzuni au kukosa hamu na mambo uliyokuwa unayapenda, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha, mwili kuwa mzito, kushindwa kufuatilia mazungumzo, kujiona huna thamani, au kuwaza kifo.

Wanaume wa kwetu hawasemi wana huzuni. Watasema mgongo unauma, kichwa kizito, au "nimechoka na hili sikio." Mama mmoja aliniambia alijua mumewe anaumwa siku alipoacha migomba yake idondoshe mikungu bila kukata. Uchagani hiyo ni dalili kubwa kuliko machozi.

Kabla ya kidonge, nipimwe nini?

Hapa ndipo pesa yako inapopaswa kuanzia.

Kwanza sikio litazamwe kwa tochi yake. Taka zilizoganda zinaweza kuleta mlio peke yake, na pamba za vijiti husukuma taka ndani zaidi. Kisha upimwe usikivu, ukiwa umevaa spika za masikioni na kubonyeza kila unaposikia sauti. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya masikio, pua na koo, na ina wataalamu wa afya ya akili pia, kwa hiyo yote mawili yanaweza kufanyika ndani ya uzio mmoja. Ukiwa na bima, pitia kwanza zahanati au hospitali yako upate rufaa, vinginevyo utarudishwa getini. Presha ipimwe, wingi wa damu upimwe, na tezi ya shingo kama daktari ana shaka nayo.

Halafu lile linalosahaulika: orodha ya dawa ulizotumia. Kwinini huleta mlio, wazee waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaukumbuka vizuri. Aspirini ya dozi kubwa nayo huleta, lakini ukiiacha kwa kawaida mlio huondoka. Mefloquine, ambayo baadhi ya wageni wanaopanda mlima huimeza kujikinga na malaria, inaweza kuleta mlio na sonona kwa pamoja. Sindano kama gentamicin, streptomycin, kanamycin na amikacin zinaweza kuua usikivu moja kwa moja. Kuna watu mikoa hii waliotibiwa TB sugu hospitali ya Kibong'oto enzi tiba ilikuwa ya sindano za miezi mingi. Walipona mapafu wakabaki na masikio yanayolia. Siku hizi tiba hiyo ni ya vidonge kwa sehemu kubwa, lakini kama wewe ni wa enzi zile, mwambie daktari. Usidhani imeandikwa kwenye faili.

Kuna amitriptyline, fluoxetine, sertraline. Ipi ni nzuri?

Inategemea mwili uliobeba sikio hilo.

Amitriptyline hupatikana kirahisi, bei yake ndogo, na inaleta usingizi, jambo ambalo mwenye mlio wa usiku hulishukuru. Lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inaongeza uzito, na ukiamka kwa haraka unaweza kuona giza. Haimfai mwenye tatizo la mapigo ya moyo. Mzee mwenye tezi dume inaweza kumzibia mkojo kabisa. Mwenye shinikizo la jicho naye aseme mapema. Na ikimezwa kwa wingi kwa mkupuo inaua, kwa hiyo daktari anaweza kusita kumpa mtu anayewaza kujidhuru, au akaandika vidonge vya wiki moja moja.

Kuna jambo jingine naliona kwenye vyeti. Kidonge kimoja cha miligramu 25 usiku ni dozi ya kuanzia, inasaidia usingizi na maumivu. Kutibu sonona yenyewe kwa kawaida hufika miligramu 75 au zaidi, ikipandishwa polepole na daktari. Mtu akikaa mwaka mzima akimeza nusu kidonge tu halafu aseme dawa za sonona hazikumsaidia, kwa kweli hajazitumia. Usijipandishie mwenyewe. Rudi kliniki.

Fluoxetine, miligramu 20, humezwa asubuhi. Kichefuchefu siku za mwanzo, usingizi mwepesi, na tendo la ndoa kupoa kwa wengine. Hili la mwisho huulizwa tu watu wote wakiondoka. Ni salama zaidi kwa moyo. Sertraline ni ya familia hiyohiyo.

Usichanganye fluoxetine na amitriptyline kutoka kwa madaktari wawili wasiojuana. Fluoxetine hupandisha kiwango cha amitriptyline kwenye damu.

Nimemeza siku nne, sioni kitu.

Ni mapema. Usingizi unaweza kutengemaa ndani ya wiki ya kwanza, lakini moyo huanza kuinuka wiki ya pili hadi ya nne, na mlio kuacha kukusumbua huja nyuma zaidi. Kibaya ni kwamba maudhi ya dawa huja kwanza, siku ya kwanza au ya pili, kwa hiyo wengi huacha wakiwa wamelipia adha bila kuipata faida.

Kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki hizo za mwanzo. Mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Mtu mmoja nyumbani ajue kwamba ameanza dawa.

Nimesoma kwamba dawa hizi zenyewe huleta mlio. Kweli?

Kweli, kwa wachache. Ukiona mlio umeongezeka baada ya kuanza au kupandishiwa dozi, andika tarehe na urudi kwa aliyekuandikia. Mara nyingi kubadilisha dawa kunamaliza. Usijiamulie usiku kuitupa chooni.

Kuiacha ghafla nako huleta mlio, na kizunguzungu, na hisia kama shoti ya umeme ikipita kichwani.

Nikianza, si nitaitegemea maisha yangu yote?

Hazileti uraibu kama pombe au kama vile vidonge vya usingizi ambavyo watu huja kuviomba bila cheti. Hutazitamani, hutahitaji kuongeza kila mwezi. Ila mwili huzizoea, kwa hiyo huachwa kwa kushushwa hatua kwa hatua. Kawaida mtu huendelea angalau miezi sita baada ya kujisikia amepona. Ndiyo, *baada*. Wanaorudi kwangu wameporomoka ni wale waliojisikia vizuri mwezi wa pili, wakaona hela ya vidonge inunue mbolea.

Mbege je?

Mbege ni pombe, hata kama babu aliiita chakula. Pamoja na amitriptyline utalala kwenye kiti cha kilabu, na ukipanda pikipiki hutafika. Konyagi ni hivyohivyo, kwa kasi zaidi. Pombe pia huharibu usingizi wa alfajiri na kuizidisha sonona. Ukishindwa kuacha kabisa, mwambie daktari ukweli ili akuchagulie dawa akijua.

Hatari ambayo watu hawaijui ni tramadol, dawa ya maumivu. Ikikutana na fluoxetine au sertraline inaweza kuleta kutetemeka, jasho, homa, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Linezolid ya wagonjwa wa TB sugu ni hivyohivyo. Onyesha kila kidonge unachomeza, na mitishamba pia, hata ile uliyopewa na shangazi kwenye chupa ya maji.

Nina mimba. / Ninanyonyesha.

Usianze wala usiache bila daktari. Zipo zinazoweza kutumika, na sonona isiyotibiwa nayo ina madhara kwa mama na mtoto.

Kuna tiba isiyo ya vidonge?

Ipo, na ushahidi wake kwa mlio ni mzuri kuliko wa vidonge. Ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwenendo. Mwaka 2020 yalichambuliwa majaribio 28 yenye watu zaidi ya 2,700, na ikaonekana inapunguza jinsi mlio unavyoyasumbua maisha ya mtu. Mlio wenyewe haupungui. Unakaa na mtaalamu, mnachukua wazo kama "nitakuwa kiziwi, kisha kichaa", mnalipima kama ni kweli, kisha unajifunza kulala na kutulia nao. Ugumu wetu ni kwamba wenye ujuzi huo ni wachache. Uliza kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Mawenzi hapa Moshi, au Mount Meru kwa walio Arusha, na usikubali kuambiwa "jikaze" kama ndiyo ushauri wenyewe.

Kama usikivu umepungua, shimesikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia, hupunguza mlio kwa wengi, kwa sababu ubongo unarudishiwa sauti ulizokosa. Bei yake inauma. Kisichouma bei ni kutolala kwenye ukimya mtupu: redio kwa sauti ya chini kabisa, feni, au sauti ya mvua kwenye simu. Isiufunike mlio wote. Iwe chini yake kidogo.

Na matone ya sikio? Betahistine? Vidonge vya majani vinavyouzwa mtandaoni?

Matone ni ya maambukizi au taka. Betahistine ni dawa ya kizunguzungu; kwa mlio peke yake, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2020 umesema isitolewe. Vya mtandaoni sina la kusema isipokuwa bei zake zinaniudhi.

Mchungaji amesema ni roho. Niache dawa nifunge?

Omba, mama, na meza. Mtu mwenye sonona akifunga siku saba huku halali anadhoofika zaidi, na amitriptyline kwenye tumbo tupu na maji kidogo inaweza kumwangusha. Nimeona wachungaji wanaowasindikiza waumini wao hadi kliniki, na mashehe pia. Tafuta wa namna hiyo.

Ila kuna tofauti ambayo daktari anahitaji kuijua. Filimbi, mvumo na nyenje ni mlio. Ukisikia *maneno*, watu wanakuita, wanakutukana au wanakuamuru, hilo ni jambo jingine na dawa yake ni nyingine. Sema, usione haya.

Lini nikimbie hospitali bila kusubiri kliniki?

Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa au siku chache: nenda leo, maana tiba yake inategemea kuwahi. Mlio ukija na kizunguzungu kikali, mdomo kupinda au upande wa mwili kukosa nguvu: nenda sasa hivi. Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, unahitaji uchunguzi wa karibuni hata kama haukuumizi.

Na ukianza kuwaza kwamba ni afadhali ufe kuliko kuusikia usiku mwingine, amsha mtu aliye karibu nawe, mwambie kwa maneno hayohayo, mwende hospitali yoyote yenye huduma ya dharura. Vidonge vya ndani ashike mwingine.

Nimepona, vimebaki vidonge kumi na nane. Nimpe dada yangu? Naye masikio yanamlia.

Usimpe. Vilete vilivyobaki, visikae kwenye droo ambayo mtoto anaifikia. Dada apite kwanza kwa daktari atazamwe sikio. Aliyeniomba hivyo mara ya mwisho, dada yake alikutwa na taka zimeziba masikio yote mawili. Alisafishwa mchana uleule, akapanda basi kurudi Usa River bila kidonge hata kimoja.